Nilisema Tezi, Nikameza Dume

Ugonjwa wangu una jina la maneno mawili, na kwa muda mrefu mimi nilitumia moja. Nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu najua kuna mwanaume mahali fulani ambaye saa hii amesimama chooni, mkono mmoja ukutani, anangoja mkojo kama mtu anayengoja stima irudi, na akitoka atasema alikuwa anapokea simu. Nakuandikia wewe. Mimi pia mwaka ule nilipokea simu nyingi sana chooni.

Nauza suruali za mitumba sokoni Voi. Hatuna chumba cha kujaribia nguo. Mteja akipenda suruali, nafunga kifungo chake, nailaza bapa, halafu nazungusha kiuno cha suruali shingoni mwa mteja. Ncha zikikutana nyuma ya kisogo, imemtosha. Zikipitana, ni kubwa. Zisipofikiana, nampa nyingine au namshauri apunguze chapati. Nimeshika shingo nyingi za wanaume wa Voi kuliko kinyozi yeyote, na nikishika huwa narudia mara ya pili, maana suruali ikirudishwa ni hasara yangu.

Ilianza na mgongo. Nikalaumu mabelo, maana belo la mitumba ni zito na mimi nimeshapita miaka sitini. Mke wangu, Mama Wakesho, akaniuliza kama ni mabelo pia yanayoniamsha kwenda chooni kila nikifumba jicho. Nikamwambia ni chai. Akaacha kunipa chai ya jioni. Niliendelea kuamka. Basi tukaenda hospitali, tukapimwa, tukatumwa Mombasa, tukapimwa tena, na mwisho daktari akatukalisha wote wawili akasema ni saratani ya tezi dume, na imeshatoka pale ilipoanzia ikaingia mifupa ya mgongo.

Tulirudi nyumbani jioni. Sebuleni tulikuta wanawake wa chama cha Mama Wakesho, ilikuwa zamu ya kwetu. Mwenyekiti wao, Mama Pendo, mama mmoja wa kutoka Magharibi mwa Kenya mwenye sauti ya kuongoza kwaya bila maiki, akaniwahi mlangoni.

"Baba Wakesho! Daktari amesemaje?"

Chumba kizima kikageuka kunitazama. Nikasema, "Amesema ni tezi."

Nilikusudia kumalizia. Neno la pili lilifika mpaka kwenye meno. Lakini dume ni neno zito kulitamka mbele ya akina mama kumi na kitu wenye vikombe mkononi, hasa wakati umetoka kuambiwa kwamba sindano utakazodungwa zitazima hilo hilo dume. Nikalimeza.

Mama Pendo akajishika kooni. "Aki woiye! Ya shingo? Shangazi yangu alikuwa nayo kama embe!"

Na mkono wangu, wenyewe, bila kunishauri, ukapanda ukashika shingo. Mkono ndio uliodanganya kwanza. Mimi nilifuata tu. Mama Wakesho alinitazama juu ya chupa ya chai, halafu akauliza nani hajaongezewa.

Kufikia Jumapili, Voi nzima ilikuwa inajua nina tezi ya shingo. Kwaya ikaniambia nipumzishe sauti. Mchungaji akaniwekea mkono kooni akaomba kwa nguvu mpaka nikakohoa, na watu wakasema amina, wameona kitu kinatoka. Nikaletewa asali, tangawizi, chumvi ya pakiti yenye iodini. Nikanunua skafu, nikaivaa kwenye jua la Voi, jua ambalo hata mbuzi hulikimbia. Mtu akidanganya lazima alipie na vazi.

Sasa nieleze dawa, kwa sababu wengi huogopa hapo. Kule Mombasa daktari, msichana mdogo anayezidiwa umri na Wakesho wangu, alituambia kuna utafiti. Wanataka kujua kama kuchanganya dawa tangu mwanzo kunasaidia kuliko zile za kawaida peke yake.

"Kila mtu atapata sindano na vidonge vya kawaida," akasema. "Juu ya hapo, nusu yenu mtapata kidonge kingine, dawa yenyewe. Nusu watapata kinachofanana nacho, lakini hakina dawa ndani."

"Mimi nitapata kipi?"

"Sijui."

"Nani anajua?"

"Kompyuta ndiyo inayochagua."

"Iko wapi tuongee nayo?"

Mama Wakesho akanikanyaga mguu chini ya meza. Sikukoma. "Daktari, mimi ndiye wa kukufungulia kazi leo. Mteja wa kwanza hasumbuliwi, ni baraka ya siku nzima."

"Mzee, nikikuchagulia, jibu letu litaharibika. Hatutajua kama kilichokusaidia ni dawa au ni huo mdomo."

Nilipenda jibu hilo. Nikamuuliza nikikataa itakuwaje. Akasema nitatibiwa kama kawaida bila mtu kuninunia, na hata nikikubali naweza kutoka siku yoyote. Nikamuuliza wao wanapata nini. Akasema wanapata kujua. Nilifikiria biashara yangu. Belo la mitumba hulipiwa likiwa limefungwa, kamba hukatwa baadaye. Unaweza kukuta kamera, zile nguo safi ambazo watu hugombania asubuhi, au ukakuta fagia, matambara ya kuuza kwa bei ya kutupa. Nimenunua mabelo ya kufungwa maisha yangu yote, na haya ya daktari hata hayakuwa na bei. Mama Wakesho akasoma karatasi zote, akauliza maswali ambayo mimi nilipaswa kuuliza, ndipo nikatia sahihi.

Nenda na mke wako, au dada, au yeyote anayesoma bila haraka. Wewe siku hiyo utasikia maneno kama redio iliyo kwa jirani.

Sindano ya kwanza ilikuwa kabla ya mvua za vuli. Tulikuwa tukipanda treni Voi na mapema tuko kwenye benchi. Chumba cha kungojea cha wanaume wa ugonjwa huu ni chumba cha ajabu. Kila mmoja ana kofia, kila mmoja anasoma tangazo la ukutani ambalo ameshalisoma. Hakuna anayemuuliza mwenzake ana nini, na mlango umeandikwa wazi. Siku ya pili ya kliniki akaketi kando yangu Mzee Athumani, wa familia moja ya Kiswahili ya Voi, aliyestaafu reli akabaki Mombasa. Akaitazama skafu yangu.

"Ewe bwana, skafu na joto hili la Mombasa? Watoka Ulaya?"

"Koo," nikasema.

"Koo? Basi umekosea mlango. Koo ni jengo lile pale. Hapa twaja kwa ajili ya chini."

Benchi zima likacheka. Hata yule aliyekuwa akisoma tangazo. Nikacheka mimi pia, nikavua skafu nikaitia mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuumwa niliongea na wanaume kuhusu mkojo kama watu wanavyoongea kuhusu bei ya mafuta. Athumani alitufundisha kutembea na suruali ya akiba ndani ya mfuko wa duka la vitabu, watu wadhani umenunua Msahafu au Biblia. Nilirudi na treni nimechangamka. Halafu tulipokaribia stesheni ya Voi, nikatoa skafu nikaifunga tena. Mama Wakesho alitazama nje ya dirisha.

Mwili ulianza kubadilika kufikia sindano ya pili. Joto lilikuwa linapanda ghafla kutoka kifuani mpaka utosini kama mtu aliyefungua jiko la mkate usoni mwangu, kisha jasho, kisha baridi. Mara ya kwanza nilidhani ni malaria. Mama Wakesho alinipa kanga nijipepee.

"Karibu," akasema. "Mimi nilipita hapo peke yangu, na wewe ulikuwa unaniuliza kwa nini nafungua madirisha."

Nikaendelea kujipepea, kwa sababu ni kweli niliuliza, tena nikayafunga.

Kifua kikavimba, chuchu zikauma hata kwa kuguswa na shati. Ndevu zikapungua haraka ya kukua. Yale mambo mengine ya mume na mke yakaisha kabisa, kama duka lililofungwa bila tangazo. Nilikuwa namgeuzia mgongo kitandani nasema mgongo unauma. Siku moja akajibu, "Sijakuuliza kitu, Baba Wakesho." Nililala macho wazi. Kama umefika hapo, mwambie tu. Anajua. Anachongoja ni usiache kuongea naye.

Na kiuno. Nilichukua suruali kwenye rundo langu, nikaizungusha shingoni mwangu kama ninavyowafanyia wengine, ncha zikakutana vizuri. Nikaenda nyuma ya pazia kuivaa, kifungo kikagoma. Dawa zilikuwa zimenipunguza shingo na kuniongeza tumbo. Wateja waliona shingo imekonda, wakafurahi. "Tezi imerudi chini, mzee!" Nikasema, "Imerudi." Ukiangalia ilipokuwa, hawakuwa wamekosea sana.

Yote hayo ni aibu ndogo. Inayofuata ndiyo iliyonifanya niandike.

Kila kliniki, sista wa utafiti alikuwa anapokea chupa zangu, anahesabu vidonge vilivyobaki. Nilikuwa nimeshavihesabu nyumbani mara mbili, kwa hiyo hatukuwahi kugombana. Mara moja akaniuliza, "Baba, uko na ndugu wa kiume?"

"Mmoja. Mwakio. Yuko Chawia, huko milimani."

"Huu ugonjwa mara nyingine hutembea kwa familia. Mwambie apimwe."

"Nitamwambia."

Kliniki iliyofuata akauliza tena. Nikasema nitamwambia. Akaniangalia. "Hata ile siku ulisema hivyo."

Masika yalipoanza, Mwakio akashuka mwenyewe. Ni mdogo wangu wa kunifuata, mkulima, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Alikuja sokoni na kikapu cha maparachichi na chupa ya asali. "Ya koo," akasema. Akaomba choo. Choo cha soko ni cha kulipia na kina harufu ya kumtoa mtu mbio, hakuna anayekaa humo kwa kupenda. Mwakio alikaa. Aliporudi akasema baridi ya Chawia imeharibu kibofu chake. Baadaye kidogo akaenda tena.

"Nitafutie suruali," akasema aliporudi. "Lakini nyeusi, kaka. Hizi za khaki zinaonyesha kila kitu."

Mimi ni muuza suruali. Najua kwa nini mwanaume wa umri wetu anahama khaki. Nilikuwa nimehama mwaka mmoja kabla yake.

Nikachukua nyeusi, nikafunga kifungo, nikamzungushia shingoni. Uso wangu ulikuwa karibu na sikio lake kiasi kwamba ningenong'ona neno moja tu, na hakuna mtu sokoni angesikia. Nilishikilia zile ncha nyuma ya kisogo chake. Zilikutana. Nikazivuta tena kana kwamba sina hakika, na neno likaja, likasimama pale pale kwenye meno. Nikafikiria Mama Pendo. Nikafikiria kwaya, mchungaji, chumvi za watu. Nikafikiria kwamba nikisema leo, nitakuwa nimewadanganya wote tangu kabla ya vuli.

"Imekutosha," nikasema.

Akatoa pesa. Nikazikataa. Akashangaa, akanishukuru, akaniambia niendelee kutunza koo.

Mvua ikaisha. Sindano ikafuata sindano. Kipimo cha damu yangu kikashuka, kikashuka tena, na maumivu ya mgongo yakapungua mpaka nikaanza kuinua mabelo kwa siri. Daktari alifurahi. Nikamuuliza kama sasa anaweza kuniambia nilipewa kidonge gani. Akasema hata yeye hajui, mpaka utafiti uishe. Mpaka leo sijui. Ugonjwa haujaondoka, umekaa chini tu, na mimi pia nimejifunza kukaa nao.

Ndani ya treni ya kurudi siku hiyo, Mama Wakesho akaniuliza, "Umefurahi?"

"Sana."

"Mke wa Mwakio alinipigia jana. Mwakio anakojoa damu. Wanasema ni kichocho, anakunywa mizizi."

Nikageukia dirisha. Nje kulikuwa na vumbi jekundu na miba, Tsavo yote imekauka.

"Uongo wako wa shingo nimeubeba," akasema, kwa sauti ya chini maana behewa lilikuwa na watu. "Kwa chama nimeubeba. Kanisani nimeubeba. Nimepokea asali za watu mpaka naona haya kununua sukari. Lakini huu wa Mwakio siubebi. Usipopanda Chawia kesho, nitapanda mimi, na nitasema maneno yote mawili."

Nilipanda. Kule juu kulikuwa na ukungu na baridi, nilimkuta Mwakio akikata majani ya ng'ombe. Alikuwa amekonda, amevaa ile suruali nyeusi. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima. Ikatoka hivi:

"Mwakio, ugonjwa wangu hauko shingoni."

"Si ulisema unashuka?"

"Ulikuwa chini tangu mwanzo. Ni tezi dume. Na nadhani na wewe unayo."

Kwanza akacheka. "Sasa ile asali yangu yote ilienda wapi?" Halafu kicheko kikakatika, nikamwona anarudi nyuma kichwani, mwezi kwa mwezi.

"Siku niliyokuja sokoni, ulikuwa unajua?"

"Yangu nilijua."

"Na yangu?"

"Niliona umechagua nyeusi."

Akaweka panga chini, polepole. "Ulinishika shingo, kaka. Ulinishika hapa na mikono yote miwili. Halafu ukanipa suruali bure. Nilimwambia mama watoto, huyu leo ana nini, hajawahi kunipa kitu bure tangu tuzaliwe."

Akaingia ndani. Mkewe akaniletea chai nje, akaiweka juu ya jiwe, akarudi ndani naye. Nilikunywa, maana kuiacha ingekuwa tusi jingine.

Wiki hiyo hiyo alishuka mwenyewe akapimwa. Anayo. Imevuka ukuta wa tezi lakini haijafika mifupani, kwa hiyo wanamchoma kwa mionzi siku baada ya siku, na sindano kama zangu. Nilimvizia daktari nje ya mlango.

"Angekuja wakati wa masika, ingekuwa bado haijavuka?"

"Siwezi kukuambia."

"Kadiria tu."

"Mzee, hakuna anayejua."

Nimefanya biashara miaka mingi, na kitu kinachoniuma zaidi ni kuchukua mzigo nisioambiwa bei yake. Ningependa aniambie ni kosa langu, au aniambie si kosa langu. Hakunipa hata moja. Nakaa na hilo.

Mwakio alikubali nimsindikize kwenye mionzi, lakini kwenye benchi alikuwa anaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu, anaweka kofia yake hapo. Tulikaa hivyo mpaka vuli ikaingia. Sikuomba msamaha zaidi ya mara moja. Kuna msamaha ukiurudia rudia unakuwa wa kujipunguzia wewe mwenyewe.

Jumatatu moja, chumba kimejaa, wanaume, wake zao, mtoto mmoja analia, Mwakio akanigeukia.

"Mwadime wangu ameshapita arobaini. Mpigie simu."

Mwadime ni kifungua mimba wake, yuko kazini kwenye shamba la mkonge. "Wewe ndiye babake," nikasema.

"Mimi niliambiwa mwisho. Wewe ndiye uliyekuwa unajua kwanza. Mpigie."

Nikasimama na simu. "Unaenda wapi?" akauliza.

"Nje. Kutafuta network."

"Network iko hapa."

Nikakaa. Nikapiga. Nilisema yote, kwa sauti ya kusikika maana mtoto alikuwa bado analia: kwamba babako ana saratani ya tezi dume, mimi pia ninayo, sikuwahi kuwa na kitu shingoni, na wewe unatakiwa upimwe damu. Yule mama wa mbele yangu aligeuka akanitazama usoni, halafu akarudi kumbembeleza mtoto.

Kisha Mwadime akasema, "Nikuje lini, baba mkubwa?"

"Kesho."

"Kesho niko shifti. Si mwisho wa mwezi?"

"Kesho."

"Basi Jumamosi, nimuombe supavaiza."

"Mwanangu, mimi nimesema kesho."

Simu ikakatika, sijui ni yeye au ni network. Mwakio akaniuliza, "Amesema lini?"

"Jumamosi."

"Na wewe ulisema lini?"

"Kesho."

Akafikiri. "Huyo ni wa ukoo wetu," akasema. "Mtapatana katikati, atakuja Alhamisi."

Alikuja Jumatano.